Ekari 50 na Bunduki: Jimbo la Auckland na Wanamgambo Wake Baada ya Vita vya Waikato

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wanafunzi, na nyote mliofika, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo serikali nyingi zilizopigana vita zimekutana nalo na chache zimelimaliza. Umekusanya wanaume elfu kadhaa, umewapa bunduki na ahadi. Vita vimekwisha, hazina imekauka. Utawapa kazi gani? Na mahali ulipowaweka patalindwa na nani siku watakapochoka na kuondoka? Nimechagua kisa kimoja tu, cha Jimbo la Auckland huko Nyuzilandi, kuanzia 1863 hadi miaka ya mwanzo ya 1870. Sababu ya kukichagua ni kwamba masharti waliyopewa watu wale yalichapishwa rasmi mwezi Agosti 1863, kifungu kwa kifungu. Tunaweza kuweka ahadi upande huu, matokeo upande ule, tukapima.

Nitangulize msimamo wangu ili msipate taabu ya kuutafuta. Wanamgambo wale walisemwa sana kuwa wavivu na walevi, hasa na watu walionunua mashamba yao kwa bei ya kutupa. Mimi sikubali. Walishindwa kwa sababu walipewa ardhi badala ya kazi, na hivyo ni vitu viwili. Shamba jipya huanza kumlisha mwenyewe mwaka wa tatu au wa nne, tena akiwa na ng'ombe, plau, uzio, mbegu, barabara na mnunuzi. Kabla ya hapo shamba ni la kulishwa, halilishi mtu.

Ardhi yenyewe ilitoka wapi? Hapa sitazunguka. Ilikuwa ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, wa Waikato, bonde la mto lililo kusini ya mji wa Auckland. Na lisije likadhaniwa kuwa pori tupu: kabla ya vita watu wale walilima ngano, walikuwa na vinu vya maji vya kusaga unga, na mji wa Auckland ulikula nafaka, viazi na matunda yao. Rangiaowhia palijulikana kwa mashamba ya ngano na miti ya mafyulisi. Tarehe 12 Julai 1863 Jenerali Duncan Cameron alivuka kijito cha Mangatawhiri, mpaka uliowekwa na watu wa Mfalme wa Kimaori, na vita vikaanza. Novemba yakawa mapigano ya Rangiriri, Februari 1864 Rangiaowhia, mwanzoni mwa Aprili Orakau. Baada ya hapo Mfalme Tāwhiao na watu wake walikuwa kusini ya mto Puniu, na eneo lao la kaskazini likabaki mikononi mwa serikali.

Desemba 1863, vita vikiendelea, Bunge la koloni lilipitisha sheria ya makazi iliyompa Gavana uwezo wa kuitangaza wilaya kuwa ina waasi na kuichukua ardhi yake. Waikato peke yake zilichukuliwa ekari milioni 1.2 hivi. Baadaye zilirudishwa ekari 314,000 hivi, kwa hati za mtu mmoja mmoja, jambo lililovunja umiliki wa ukoo. Sasa shikeni hesabu moja hapa, kwa sababu itatusumbua hadi mwisho. Serikali ya Frederick Whitaker, na mwenzake Thomas Russell aliyeshika ulinzi, ilipanga kukopa pauni milioni 3 na kuzilipa kwa kuuza ardhi iliyochukuliwa. Lakini ardhi hiyohiyo ndiyo waliyoahidiwa wanamgambo bure. Ardhi moja ikahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kama mshahara, mara ya pili kama rehani ya deni. Iliyo nzuri ikitolewa bure, deni halilipiki. Ikiwekwa kando iuzwe, mwanamgambo anapewa bwawa.

Tuje kwenye masharti. Waliandikishwa wanaume wasiozidi miaka 40, kwa miaka 3. Wengi walitoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Otago, na bandari za Melbourne na Sydney, ambako dhahabu ya juujuu ilikuwa imepungua na vijana wanazurura. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa shilingi 2 na peni 6 kwa siku pamoja na posho ya chakula. Koplo shilingi 3. Sajini shilingi 3 na peni 6. Ardhi ilifuata cheo: askari ekari 50, koplo 60, sajini 80, luteni 200, daktari 250, kapteni 300, afisa mkuu 400. Juu ya shamba, kila mmoja alipata kiwanja cha ekari moja mjini. Kila makazi yawe na viwanja visivyopungua 100, na katikati yake ngome ya kujihami. Serikali ingepima kwa gharama yake. Nani achague kwanza katika kila cheo, iamuliwe kwa kura. Mtu akishakabidhiwa shamba anapata posho ya bure ya miezi 12, mshahara haupo tena. Katika miaka ile 3 haruhusiwi kuwa nje ya makazi zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka bila idhini ya Gavana. Akimaliza salama, anapewa hati ya umiliki.

Kwa kijana anayezurura Melbourne, masharti hayo yalimeremeta. Lakini angalieni wapi yamepasuka. Mshahara wa askari kwa mwaka ni pauni 45, shilingi 12 na peni 6. Siku anayokabidhiwa shamba, fedha hiyo inakatika, anabaki na nyama, mkate na sukari ya serikali. Hakuna kifungu cha ng'ombe wala cha plau. Mbegu hazikutajwa, na hakuna ahadi ya kazi ya kibarua. Na kile kifungu cha mwezi mmoja kinamfunga asiende kutafuta kibarua kwingine. Yaani ameambiwa: usiondoke, na hapa hakuna fedha. Aliyeandika kile kifungu alifikiria mpaka, hakufikiria jikoni.

Hili lisingekuwa geni kwa Gavana George Grey, kwa maana alikuwa amelijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa hapohapo Auckland. Kuanzia 1847 waliletwa wanajeshi wastaafu wa Kiingereza, wote kwa jumla 721 na familia zao, wakawekwa Onehunga, Howick, Panmure na Otahuhu, kama pete upande wa kusini wa mji. Wao walipata nyumba ndogo ya vyumba viwili na ekari moja, mali yao baada ya miaka 7, na kazi ya kijeshi ilikuwa siku chache kwa mwaka. Makazi yale yalidumu, na leo ni mitaa ya jiji la Auckland. Kwa nini yalidumu? Kwanza, kila mzee yule alikuwa na pensheni: shilingi zilizoingia mvua inyeshe au jua liwake. Pili, Onehunga ni kilomita kumi hivi kutoka mjini, mtu anatoka asubuhi kwenda kuchimba mfereji au kubeba mizigo, jioni yuko kwake. Ekari moja ilikuwa bustani ya mboga tu, na walijua hivyo. Tatu, wengi walikuja na wake na watoto. Hakuna aliyeambiwa kuwa ekari ile itamfanya bwana shamba.

Mara ya pili ilikuwa Afrika Kusini, Grey akiwa Gavana wa Cape. Mwaka 1857 alipokea wanaume 2,300 hivi wa Jeshi la Kijerumani lililoandikishwa na Uingereza kwa ajili ya vita vya Crimea, vita vikaisha kabla hawajatumika. Akawaweka kwenye ardhi ya Waxhosa mashariki ya Cape, ndiyo maana kule kuna vijiji vinavyoitwa Berlin, Potsdam na Stutterheim. Wanawake walikuwa wachache mno na kazi hakuna. Mwaka 1858 ulipokuja mwito wa kwenda kupigana India, karibu 1,000 waliondoka mara moja. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba mwanamume mmoja, asiye na familia wala ujira, atafuata mshahara wa kwanza utakaopita njiani. Miaka 5 baadaye Grey aliutazama ushahidi huo, akachagua kufanya kama Cape, si kama Onehunga.

Sasa tupite hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuwafikisha. Vilikuwepo vikosi vinne. Cha kwanza kilikwenda Tauranga, pwani ya mashariki. Cha pili kilikwenda Alexandra, ambayo leo ni Pirongia, na Kihikihi, karibu kabisa na mto Puniu. Cha tatu Cambridge. Cha nne Kirikiriroa, iliyoitwa Hamilton kwa jina la kapteni wa meli ya kivita aliyeuawa kwenye mapigano ya Gate Pa, karibu na Tauranga, tarehe 29 Aprili 1864. Barabara Kuu ya Kusini ilikuwa imejengwa na wanajeshi hadi karibu na Mangatawhiri tu. Mbele ya hapo njia ilikuwa mto. Tarehe 24 Agosti 1864 stima Rangiriri ilishusha kundi la kwanza la kikosi cha nne Hamilton, chini ya William Moule. Jambo moja dogo la ramani lilikuja kuwa kubwa: mji uligawanywa kingo mbili za mto Waikato, Mashariki na Magharibi, kila upande na ngome yake ya udongo, na daraja halikujengwa hadi 1879. Miaka 15 ya kuvuka kwa kivuko. Gunia la unga lililoteremshwa upande huu lililipiwa tena kufika upande ule.

Hatua ya pili ni kupima ardhi, na hapa ndipo siku nyingi zilipopotea. Wapima walikuwa wachache na mashamba maelfu. Kwanza kilipimwa kiwanja cha mjini, kwa sababu ulinzi ulitaka watu wakae pamoja, kisha mashamba. Wanaume walikaa kwenye mahema na vibanda vya matete wakilinda, huku hawajui shamba liko wapi. Tauranga ilikuwa mbaya zaidi: wapima walizuiwa na wenye ardhi mwaka 1866, na mapema 1867 kikosi cha kwanza kikapelekwa kupigana msituni ili mipaka ya mashamba yake ipimike. Mtu anapigania shamba ambalo hajaliona hata mche wake.

Hatua ya tatu ni kura. Kura ina sifa ya haki, na katika cheo kimoja ilikuwa ya haki. Lakini kura haiangalii udongo. Ekari 50 za ukingo wa mto na ekari 50 za bwawa zina uzito mmoja kwenye karatasi. Yeyote aliyewahi kugawa mashamba atawaambia njia sahihi: unagawa udongo katika madaraja matatu, kisha kila mmoja anapata kiasi kidogo cha ardhi kavu karibu na mji na kiasi kikubwa cha ile ngumu mbali zaidi. Hilo linahitaji mpima anayejua udongo na miezi mingi zaidi. Haikufanyika.

Hatua ya nne ni kukatwa mshahara. Kuanzia 1865, serikali ya Frederick Weld, na baada yake ya Edward Stafford, zilibana matumizi, na vikosi vikaondolewa kwenye orodha ya malipo kwa zamu. Hapo ndipo shamba lilipotakiwa lianze kazi.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye shamba lenyewe, kwa sababu wanaozungumzia siasa za kisa hiki hupita hapa mbio.

Ekari 50 ni kama hekta 20. Zikiwa mraba kamili, mzunguko wake ni kilomita 1.8. Ukitaka kuzungushia uzio wa nguzo, ukisimika nguzo moja kila mita 3, unahitaji nguzo 600. Na fito tatu kati ya nguzo na nguzo ni fito 1,800. Bonde la Waikato lilikuwa na kangaga na matete kuliko miti. Mti uliopatikana kwa wingi mabwawani, kahikatea, ni mwepisi na mzuri kwa mbao za ndani, lakini ukiuzika ardhini unaoza upesi. Nguzo ya kudumu ni totara au puriri, nayo ilikuwa mbali. Kwa hiyo wengi walichimba mtaro, wakarundika udongo kuwa tuta, na juu ya tuta wakapanda kichaka cha miiba kutoka Uingereza kinachoitwa gorse. Mtaro wa namna hiyo kwa shamba zima ni kazi ya miezi kwa mtu mmoja mwenye sepeto. Na gorse ikitoka kwenye tuta ikaingia shambani, hutoki nayo tena. Mpaka leo ni gugu sugu kule.

Nchi ya kangaga haianzi kwa jembe la mkono. Unaichoma mwishoni mwa kiangazi, Februari au Machi kwa majira ya kule, unamwaga mbegu za nyasi na klova juu ya majivu, kisha chipukizi za kangaga zikitoka unaingiza ng'ombe wengi kwa pamoja wazikanyage na kuzila zikiwa laini. Ukirudia hivyo misimu miwili au mitatu, mizizi inachoka na nyasi zinashinda. Siri iko kwenye idadi ya mifugo. Ng'ombe wawili kwenye ekari 50 huchagua nyasi na kuiacha kangaga, nayo inarudi nene kuliko mwanzo. Mwanamgambo aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa alikuwa amepoteza moto wake na mbegu zake. Tena kulikuwa na kichaka cha tutu, sumu kali: ng'ombe mgeni aliyefika na njaa akila majani yake huvimba na kufa.

Na bwawa? Eneo kubwa la bonde lile ni mboji iliyojaa maji, mita kadhaa kwenda chini. Kuikausha unachimba mfereji hadi mahali palipo chini zaidi, yaani mtoni. Lakini kati ya shamba lako na mto kuna mashamba ya watu watatu, wanne. Mmoja ameondoka, mwingine hataki, wa tatu hana nguvu. Maji hayajui mipaka ya hati. Mtu mmoja mwenye ekari 50 hawezi kukausha bwawa. Ama serikali inachimba mfereji mkuu kwanza, ama mtu mmoja ananunua bwawa lote. Na ikikauka, mboji hushuka, mfereji unabaki juujuu, unachimba tena. Serikali haikuchimba. Mnaweza kukisia kilichofuata: mabwawa ya Piako yakaja kuwa mikononi mwa kundi la wawekezaji, Thomas Russell na Whitaker wakiwemo, walewale waliopanga mpango. Sheria haikuvunjwa. Ndiyo maana nasema tusiangalie sheria tu.

Turudi kwenye ujira. Mwaka 1864 Auckland ilikuwa na fedha kwa sababu ilikuwa na jeshi: wanajeshi wa Malkia zaidi ya 10,000 waliokula nyama, mkate na viazi, waliohitaji magari ya maksai, kuni, nyasi za farasi na mbao. Mwanamgambo aliyepata siku ya mapumziko angeweza kupata kibarua kwenye zabuni za jeshi. Kisha vikosi vikaanza kurudishwa Uingereza kuanzia 1865, na mwaka huohuo makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Auckland kwenda Wellington, pamoja na makarani, mishahara na wapangaji wa nyumba. Reli ya kutoka Auckland kwenda Drury ilianza kujengwa 1865, fedha ikaisha, ikaachwa. Kwa hiyo soko, ajira na barabara vilianguka miaka ileile mshahara na posho vilipokatwa. Serikali kuu ikasema wahusika ni wa jimbo, na jimbo halikuwa na fedha za kuwahusisha na lolote.

Mwenye shamba alibaki na njia tatu. Kukaa na kula viazi na samaki wa mkunga. Kuuza haki yake hata kabla hati haijatoka, mara nyingi kwa ofisa au mfanyabiashara mwenye fedha taslimu. Au kuondoka. Tarehe 1 Agosti 1867 machimbo ya dhahabu ya Thames yalifunguliwa, siku chache baadaye ikapatikana dhahabu nyingi, na njia ya tatu ikawa barabara pana. Hamilton iliyokuwa na watu karibu 1,000 mwaka 1864 ilibaki na 300 hivi mwaka 1868. Wajerumani wa Cape walifuata India. Hawa walifuata Thames.

Sasa usalama. Watu huuliza: je, kuondoka kwao hakukuacha mpaka wazi? Ndiyo na hapana. Mpango ulikuwa na kasoro ya umbo. Kiwanja kilikuwa mjini karibu na ngome, shamba kilomita kadhaa nje. Ukilala mjini, unapoteza saa mbili au tatu kila siku kwa kutembea, na usiku mifugo ya jirani inakula shamba lako. Ukilala shambani, ngome haikusaidii, na jirani wako wa karibu ameshahamia Thames. Mashamba ya waliohama yalirudi kuwa kangaga, yakawa maficho na njia za moto kati ya waliobaki. Kila aliyeondoka alipunguza bunduki moja, akapunguza pia mtu wa kushirikiana naye uzio.

Hata hivyo jeshi la Mfalme halikushambulia miji ile ya Waikato baada ya 1864. Watu wa Tāwhiao waliweka mpaka wao, aukati, wakasema asiyeruhusiwa asivuke. Walioumia walikuwa wachache na katika matukio yaliyohusu ardhi: mpima Richard Todd aliuawa Pirongia mwaka 1870, na mfanyakazi wa shamba Timothy Sullivan mwaka 1873, alipokuwa ng'ambo ya mpaka kusini ya Cambridge. Kila tukio lilizua hofu kubwa na wito wa askari zaidi. Askari wa kulipwa, yaani Polisi wa Silaha walioundwa 1867, ndio waliokuja kushika ngome. Kwa maneno mengine, serikali iliwaondoa wanamgambo kwenye mshahara ili kuokoa fedha, halafu ikaajiri wengine kufanya kazi ileile.

Na hao polisi walifanya jambo ambalo lingefanywa mwaka 1865: walijenga barabara. Kuanzia 1870 serikali ilikopa kwa ajili ya reli na barabara chini ya mpango wa waziri wa fedha Julius Vogel. Reli ilifika Mercer mwaka 1875, Ngaruawahia na kisha Hamilton mwaka 1877. Baada ya hapo shamba la Waikato lilianza kuwa na maana, na baada ya 1882, meli ya kwanza yenye mashine ya barafu iliposafirisha nyama hadi Uingereza, siagi nayo ikapata soko la ng'ambo. Wanamgambo wengi walishauza zamani.

Je, kulikuwa na njia nyingine, kwa fedha zilizokuwepo? Tupige hesabu kwa makazi ya watu 100. Kuwaweka wote kwenye mshahara kamili ni pauni 4,562 na shilingi 10 kwa mwaka. Serikali ilisema haiwezi, tukubali. Lakini kumhakikishia kila mmoja siku 100 za kazi ya barabara na mifereji kwa mwaka, kwa kiwango kilekile cha shilingi 2 na peni 6, ni pauni 1,250. Kwa miaka 3 ni pauni 3,750, pungufu ya mshahara wa mwaka mmoja. Siku 265 zinabaki kwa shamba. Kazi ipangwe miezi ambayo shamba halimhitaji, ipimwe kwa mnyororo wa mpima, ambao ni mita 20 hivi, na itolewe kwa vikundi vya watu sita hadi kumi badala ya kumpa mzabuni mmoja wa mjini atakayeleta vibarua wake. Malipo yawe kila wiki mbili, kwa fedha. Hati ya kukopa dukani humrudisha mtu kwenye mikono ya mwenye duka. Mfereji mkuu uchimbwe kabla ya kura, maana baada ya kura hauna mwenyewe. Ng'ombe wa kukanyaga kangaga wawe wa makazi yote, wazungushwe shamba kwa shamba. Na kile kifungu cha mwezi mmoja kifutwe: mtu anayeweza kwenda kuvuna kwa jirani na kurudi na pauni 5 ana sababu ya kurudi.

Lakini nisiwadanganye kwamba hesabu hiyo ingemaliza tatizo. Ingewapa ujira. Usalama usingepatikana kwa barabara peke yake, kwa kuwa hatari iliyolindwa ilitokana na ardhi yenyewe. Kila ekari aliyopewa mwanamgambo ili ailinde ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa akiitazama kutoka ng'ambo ya Puniu. Tāwhiao alikuja Alexandra Julai 1881 akaweka bunduki chini, na hofu ya vita ikaisha, dai halikuisha. Tume ya serikali mwaka 1927 ilikiri kwamba ardhi iliyochukuliwa ilizidi kiasi, malipo ya mwaka kwa mwaka yakakubaliwa 1946, na mwaka 1995 ukaja mkataba wa dola milioni 170 za Nyuzilandi pamoja na ombi la radhi katika sheria, ambayo Malkia Elizabeth wa Pili aliitia saini mwenyewe akiwa Wellington. Kwa hiyo gharama ya ekari zile za bure ilikuwa bado inalipwa miaka 130 baadaye, na bado dola hizo ni sehemu ndogo ya thamani ya kilichochukuliwa.

Mwanafunzi mmoja ameandika swali mapema kuuliza kama haya yana uhusiano na Afrika Mashariki. Yana. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya nchi iitwayo leo Kenya iligawa ardhi zaidi ya ekari milioni 2 kwa wanajeshi wazungu waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia, na kura ilichezeshwa Nairobi na London. Sehemu ya ardhi ya Wanandi ilikatwa kwa ajili hiyo. Karibu na Kericho maofisa walemavu walipewa ekari 25,000 kulima kitani, bei ya kitani ikaporomoka kuanzia 1920, na mpango ukafa. Tena zao moja, tena soko ambalo hakuna aliyelihakikisha, tena shamba kabla ya ujira. Tofauti ni kwamba hapa hata jina la mpango, makazi ya wanajeshi, lilikuwa na uongo ndani yake, kwani wanajeshi Waafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) na wapagazi waliobeba vita ile mabegani, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, hawakuwekwa kwenye kura.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Wenye maswali ya Tauranga na Taranaki wayaulize sasa, maana huko kura na upimaji vilikwenda kwa namna yake, na sikuvigusa vya kutosha.